Kofia ya Kokoo

Kitengela, Jumapili, 14 Julai

Kokoo mpendwa, nyanya yangu wa Magadi,

Nimeapa kukueleza yote, hata kama kadi ni ndogo. Tangu Mama apate kazi huku, jua hatujaliona wiki nzima. Upepo wa uwandani hupenya chini ya mlango na kunifuata hadi kitandani. Najua huko kwetu mawe bado yanachoma nyayo.

Jana nilimkuta jirani yetu, Mama Njeri, akifuma kofia za sufu mlangoni pake. Nilimwinamishia kichwa anisalimie, kama ulivyonifunza. Badala ya kunigusa utosini, alichukua uzi akanizungushia kichwani.

"Kichwa kidogo, baridi kubwa!" akacheka. "Unataka rangi gani, mrembo?"

"Sitaki kofia, Mama. Ninakusalimia."

"Ngai! Na mimi nakupima!"

Nilipomweleza, aliniwekea kiganja kichwani kwa upole. Kokoo, nilitaka kulia. Tangu tuhame hakuna aliyenisalimu hivyo, na mkono niliokuwa nikiungoja ni wako.

Leo ameniletea kofia nyekundu. Nimeivaa hata sasa ninapoandika.

Mama anasema hutakuja Agosti, kwamba kichwa chako kilichonyolewa hakitaiweza baridi hii. Lakini Mama Njeri amekubali kukufumia kofia kama yangu, nzito zaidi. Anangoja kipimo tu.

Nakukumbatia wewe na mbuzi wote. Mwambie binamu Sein akuzungushie uzi kichwani, kisha unitumie jibu upesi: tukufumie kofia ya ukubwa gani?

Mjukuu wako,
Naserian