Inchi Nne

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu, na pole kwa mguu. Nimesikia daktari ameshakufungua plasta. Basi tembea taratibu, usijifanye msichana. Shemeji hajambo? Bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi ni wazima wa mwili, na ya moyoni utayasoma hapa chini. Cherehani yangu mpya imeshaanza kukata nyuzi kama ile ya zamani, lakini kazi inakwenda.

Barua yako niliipata Jumanne. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena nimeketi. Unauliza mambo mawili juu ya binti yangu, mwanao aliye kwako likizo hii. Kwanza, kwa nini havui sweta na jua lenyewe ni la kupasua mawe. Pili, unasema ni mvivu: ukimtuma akaanue nguo anasimama tu chini ya kamba, mikono ameibana mbavuni, anasema hawezi, mpaka unachechemea kuzianua mwenyewe. Uliponipigia simu jioni ile nilikujibu kwamba mtoto ana baridi ya mwili, na uvivu kaurithi kwa baba yake. Tukacheka. Ulikuwa uongo, dada. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na mimi ningepata pa kutorokea.

Unamjua alivyo. Ana miaka kumi na mmoja na ni mnene. Neno ni hilo, nimechoka na watu wanaoniambia kajaaliwa, ana afya, ametulia, huku macho yao yanasema jingine. Nilimpeleka hospitali wakampima kila kitu, wakaniambia nipunguze sukari nyumbani, nimwache acheze, na nisimsimange. Mawili ya mwanzo niliyafanya. Baba yake husema huo ni mwili wa ukoo, halafu hufungua gazeti lake. Na wewe dada, usinune, lakini kwenye harusi ya binamu yetu ni wewe uliyeniuliza mbele ya wakwe namlisha nini, huyu ni mtoto au godoro. Meza nzima ilicheka, na mimi nikacheka kuwashinda wote. Yeye alikuwa nyuma ya kiti changu. Sisemi haya ili kukusuta. Au tuseme nakusuta kidogo.

Mwishoni mwa mwaka jana aliniomba suruali ya jinzi yenye mifuko, ya dukani, kama za wenzake. Utashangaa fundi cherehani kumtafutia mwanawe nguo madukani, lakini mganga hajigangi. Tulizunguka maduka sita mchana mmoja. Nguo za watoto zimeandikwa umri, kana kwamba watoto wote wa miaka kumi na mmoja wamefyatuliwa kwenye kalibu moja. Suruali ya miaka kumi na mmoja iligoma mapajani. Ya miaka kumi na minne ilipita mapajani ikagoma kiunoni, na miguu yake ikaburuta sakafuni. Muuzaji, msichana mmoja anayetafuna ubani, akatuambia bila kuinuka tujaribu upande wa akina mama. Huko tukapata moja iliyofunga kiunoni, ila makalio yake yalikatwa kwa mama wa watoto wanne. Binti yangu alitoka nyuma ya pazia ameishika kwa mikono miwili isianguke, akaniuliza kama imempendeza. Nilimwambia atafunga mkanda.

Ningeweza kurudi nyumbani nikamshonea kwa siku moja, na kazi hiyo naijua. Unachukua pamba laini inayopitisha hewa. Unaweka lastiki pana, tena nyuma tu, isimchore tumboni. Kati ya miguu unatia kipande ili mapaja yasichubuke, na kwapa unaliteremsha kidogo mtoto apate kuinua mkono. Nimewashonea wanawake wa kila umbo wakatoka kibandani kwangu wakijitazama kwenye vioo vya magari barabarani. Lakini huyu wangu nilikuwa namwonea haya. Wateja wakija, nilimtuma chumba cha nyuma akapange vifungo. Niliona nani atamwamini fundi ambaye mwanawe mwenyewe hapendezi. Ndivyo nilivyofikiri, na sikuwa nimelewa.

Mwanzoni mwa mwaka huu shule yao ikanipa kazi ya kushona sare mpya za watoto wote. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kunipongeza, nakumbuka ulipiga vigelegele kwenye simu. Nilikwenda kupima darasa baada ya darasa. Kawaida ya kazi hii ni kwamba fundi anapima na kutamka namba, mwalimu anairudia kwa sauti ili asikosee, kisha anaiandika daftarini. Watoto wamepanga foleni, mikono juu. Darasa la tano tukaenda vizuri, ishirini na sita, ishirini na saba, ishirini na nane, mpaka zamu ya wangu ilipofika. Darasa lilinyamaza, kimya kile cha watu waliobana kicheko. Nikamzungushia futi kifuani, nikatamka thelathini na moja. Mwalimu akarudia, thelathini na moja, akaandika. Kicheko kikakosa pa kutokea, nikamwita wa pili yake.

Sare zilipokamilika, alijaribu gauni lake nyumbani. Akasema linabana. Nikamwambia avute pumzi ndani, nikapandisha zipu, nikamwambia nguo mpya hubana halafu huzoea. Siku ya kuzivaa, kamati ya wazazi ilialikwa kuja kutazama. Watoto walipangwa mstarini wakaimba wimbo wa shule, na mwisho wa wimbo huo wote huinua mikono. Naye akainua. Mshono wa ubavuni ukaachia kuanzia kwapani mpaka nyongani. Mwalimu aliyenisimulia alikuwa amejiziba mdomo, na mpaka leo sijui alikuwa ananihurumia au anacheka. Watoto mia nne walicheka, na wazazi wengine pia. Mwanangu alibana mikono mbavuni akasimama hivyo hivyo mpaka mwalimu mmoja mwenye utu alipovua sweta lake akamvika.

Ndilo hilo sweta unaloliona. Tangu siku hiyo shuleni wanamwita Pasua, hata vitoto vya darasa la kwanza. Anaogopa kila nguo, dada. Anaamini yoyote atakayovaa itampasukia mbele za watu, na sweta litamsitiri. Kamba yako ya nguo iko juu, na kuifikia ni lazima ainue mikono. Si mvivu.

Siku ile ile mwalimu mkuu aliniita. Gauni lilikuwa mezani kwake limekunjwa, na mwanangu amesimama kando ya kabati. Akaniuliza kama watoto wengine nao wategemee kupasukiwa, maana kama kazi ni hiyo, atatafuta fundi mwingine. Nikaomba daftari lifunguliwe. Likafunguliwa, na pale palikuwa pameandikwa thelathini na moja, kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa mwenyewe. Nikasema mshono wangu hauna kasoro, ila mtoto ameongezeka tangu nimpime. Nikasema nifanye nini na mtoto anayekula kwa kujificha. Mwalimu mkuu akamgeukia, akamuuliza kama ni kweli. Akajibu ndiyo. Basi akapewa nasaha ndefu juu ya ulafi, na mimi nikapewa mkono na kuambiwa niendelee na kazi.

Hayo ndiyo yanayojulikana na kila mtu, hata baba yake. Sasa nakuambia yasiyojulikana, maana mficha uchi hazai.

Futi ilisoma thelathini na tano. Niliiona vizuri kama ninavyoiona karatasi hii. Nilitamka thelathini na moja kwa sababu sikuweza kusikia thelathini na tano ikirudiwa mbele ya watoto wale. Kama yangeishia hapo ungenisamehe, na hata mimi siku ile nilijisamehe. Nilikuwa na wiki nzima ya kumshonea gauni la thelathini na tano, na hakuna mtu ambaye angelipima na daftari mkononi. Lakini siku ya kukata nilitandika kitambaa chake mezani, nikachora chaki kwa kipimo cha thelathini na moja. Wenzake wote niliwaachia vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono, kama afanyavyo fundi yeyote mwenye akili, kwa sababu mtoto hukua na nguo itahitaji kufunguliwa. La kwake nililikata karibu na mstari, nikaacha pa kushikia uzi tu, makusudi, lisije likafunguliwa hata kwa inchi moja. Nilijiambia miaka yote nguo zimemfuata yeye, safari hii yeye ataifuata nguo. Nilitaka limbane kila akiketi kula, akumbuke. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha mwanangu nilikishona mimi, kwa uzi mzuri na kwa mkono uliotulia.

Na yeye alijua namba. Futi anaisoma tangu ana miaka mitano, nilimfundisha mwenyewe nimempakata. Siku ile darasani aliinamisha kichwa akaiona thelathini na tano, kisha akanisikia nikitamka nyingine, akaniinulia uso na kutabasamu. Alidhani namwokoa. Kwa hiyo pale ofisini, daftari lilipofunguliwa, alijua kwamba neno lake moja lingenimaliza mbele ya mwalimu mkuu. Akasema ndiyo. Mtoto yule hali kwa kujificha, dada. Sijawahi kukuta hata chembe ya mkate chini ya mto wake. Unaniandikia kwamba siku hizi anaacha nusu ya sahani na unashukuru kwamba amejifunza kiasi. Tafadhali usishukuru.

Siku mbili kabla hajasafiri kuja kwako, roho ilinisuta, nikatoa kitambaa kizuri nilichokiweka kwa ajili ya mteja, nikamwita nimpime upya. Alikuja bila ubishi. Akavuta tumbo ndani mpaka uso ukabadilika rangi, na kabla sijamfikisha futi mwilini akaniambia, "Andika thelathini na moja, mama. Nitajitahidi." Nilirudisha futi shingoni kwangu, nikamwambia akapumzike.

Jumatano, baada ya barua yako, nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza yote, na mkasi nikauita mkasi. Nilikwenda nikiwa tayari kunyang'anywa kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka. Akasema hayo ni mambo ya watoto, wameshasahau, na sisi akina mama tunajitesa bure. Kisha akaniuliza kama sare za michezo zitakuwa tayari shule zikifunguliwa. Nikajibu zitakuwa tayari. Ndiyo, nilijibu hivyo. Nilipofika getini ndipo nilipojisikia nilivyojibu, na sikurudi kumwambia vinginevyo.

Pamoja na barua hii nimekutumia furushi. Ndani kuna mita sita za pamba, za rangi tatu, achague mwenyewe. Usinirudishie nimshonee. Mtafutie fundi wa huko asiyenijua, ampime chumbani, mlango umefungwa, namba zisitamkwe. Mwanao ajisomee futi na aandike mwenyewe. Mwambie fundi akate kwa kipimo cha mwili wake wa leo na aache kitambaa cha kutosha ndani ya mshono. Akileta maneno juu ya mwili wa mtoto, chukua kitambaa chako mwende kwa mwingine.

Ukimaliza kuisoma barua hii, mpe naye aisome. Usimsimulie, utanitetea, nakujua. Anaamini mwili wake ndio uliolipasua gauni lile, na hakuna mwingine anayeweza kumwambia ukweli ila mimi niliyelikata. Ningemwambia ana kwa ana, lakini najua angenipangusa machozi na kuniambia si kitu, na mimi ningekubali.

Shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu. Akisema hataki kurudi kwangu, usimbembeleze, wala usimwambie kwamba mama ni mama. Mtafutie nafasi shule ya huko. Vitu vyake nitavileta mwenyewe na kumkabidhi shemeji mlangoni, na kama hataki kuniona sitaingia ndani. Baba yake nitamweleza nikishapata jibu lenu.

Nisalimie shemeji na majirani zako wema. Mguu uukande kwa maji ya vuguvugu, usibebe ndoo. Na mwanangu msalimie sana, lakini akishasoma, si kabla.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi