Nilisema Sina Mke

Geita, 9 Agosti 1953

Mama Valerian,

Salamu kwako na kwa wazazi. Mimi mzima, kikohozi cha vumbi la mgodini kimepungua.

Jumapili iliyopita, baada ya Misa, Padri aliniuliza, "Cornel, una mke?" Paskalia, niliyekuwa nikiishi naye huku, alikuwa ubavuni mwangu. Nikajibu, "Sina, Padri." Nilikukana mlangoni pa kanisa, wewe niliyekuapia altareni kule Tinde.

Jana niliungama, na Paskalia nikamwambia ukweli. Alilia kwa kudanganywa, akarudi kwa kaka yake kule Nkome.

Padri alisema, "Mungu amekusamehe. Mkeo bado hujamwomba."

Basi nakuomba, Justa. Naona aibu hata kuliandika jina lako. Nikija nyumbani, utanipokea?

Mumeo, kama bado waniita hivyo,
Cornel