Hukumu Iliyosomwa Gulioni

Mnero, Nachingwea
8 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi ya uuguzi inaendelea. Ninyi mnaamkaje huko?

Mama kanipigia simu analia. Anasema tangu mtendaji wa kijiji akufungie ndani ya stoo, kisha akutembeze gulioni na gunia la ufuta kichwani kama mwizi, huendi msikitini wala msibani. Mwizi mwenyewe kakamatwa na kakiri, lakini wewe bado unajificha! Baba, yupo wakili wa msaada wa kisheria, anaitwa Magreti. Anasema Katiba inalinda utu wa mtu hata akiwa mtuhumiwa, na yuko tayari kulipeleka jambo hili Mahakama Kuu, Mtwara. Kubali. Omba fidia kubwa, iwaume.

Mwanao,
Zulfa

Ruangwa
20 Juni 2024

Mwanangu Zulfa,

Marahaba. Tunaamka salama, ila mama yako mgongo unamsumbua.

Nimekubali kwenda. Fidia sitaki. Nikilipwa watasema Habibu kapozwa ili anyamaze. Wale waliokusanywa kuniona mwizi, wakusanywe tena wasikie ukweli. Magreti kaniambia, "Mzee, ombi kama hili sijawahi kulipeleka. Majaji wanaweza kulikataa." Nikamwambia, "Wewe waulize tu."

Baba yako,
Habibu

Mnero
3 Machi 2025

Baba,

Shikamoo, na pole kwa safari ya Mtwara. Mama mgongo vipi?

Kule mahakamani nilikaa nyuma yako. Wakili wa serikali aliposema kwamba kutamka tu kuwa haki ilivunjwa kunatosha, nilikata tamaa. Kisha yule jaji mama akakuuliza, "Kwa nini gulioni, mzee?" Ukasema, "Mheshimiwa, hapa Mtwara hakuna anayenijua. Kule ndiko nilikochafuliwa." Majaji wote watatu wakainama kuandika. Wakatoka kushauriana, na waliporudi wakasema nafuu inayotolewa na mahakama lazima imfikie mtu pale alipoumizwa, wakaamuru mtendaji asome hukumu mwenyewe, siku ya gulio.

Tangu turudi hujaniandikia. Ameshasoma? Ulikwenda?

Mwanao,
Zulfa

Ruangwa
19 Machi 2025

Mwanangu Zulfa,

Marahaba. Mgongo wa mama yako una nafuu, mimi mzima.

Kasoma jana. Nilipokaribia gulioni niligeuka nirudi nyumbani. Mama yako akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu tuoane. Mtendaji akasoma kwa sauti ya mgonjwa, uso kauficha kwenye karatasi. Alipofika pale pasemapo Habibu hakuiba, na kumtembeza vile kulivunja utu wake, wauza muhogo wa nyuma wakapiga kelele: "Sauti! Huku hatusikii! Anza upya!"

Akaanza upya.

Mimi nilikuwa nimeshasikia. Nikamwacha anasoma, nikaenda kununua dagaa. Muuzaji alinipimia kama anavyompimia mtu yeyote, hakunitazama mara mbili. Nilifurahi sana.

Baba yako,
Habibu