Mtetezi wa Kichwa cha Kijani

Doncaster, Jumatatu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na paka hajahamia tena kwa jirani. Mimi sijambo, nakula vizuri, na mvua ya huku unaijua. Utashangaa nimeandika badala ya kupiga simu. Ni kwa sababu kwenye simu, nikianza tu kusema jambo zito, wewe hukimbilia habari za hali ya hewa, halafu unaniaga. Barua huwezi kuikata.

Nianze na habari za kazini. Ile nyongeza yetu ya mchezo wa treni imetoka. Kile kichwa cha treni cha kijani, ndugu yake na kile ulichoendesha mpaka ukastaafu, tulishawauzia mwaka jana watu wanaocheza mchezo wa kuendesha treni kwenye kompyuta. Safari hii Nigel, bosi wetu, akataka tutoe aina zake nyingine, kila moja ilipiwe peke yake: chenye jembe la theluji, chenye taa moja ya mbele, na kile cha zamani chenye boila ya kupashia mabehewa joto. Hicho cha boila nimekitengeneza mimi, kuanzia magurudumu hadi honi, na kwa mara ya kwanza jina langu limewekwa kwenye tangazo. Sanjeev, mwenzangu anayechora rangi na kutu, tangu siku hiyo ananiita Mheshimiwa, na anasema hawezi kunipikia chai bila kibali cha katibu wangu.

Wateja wetu nao hawana dogo. Wengine walifurahi, wengine wakaja juu kwenye baraza lao la mtandaoni. Mmoja aliuliza kama tunawaona mazuzu, maana kichwa tumeshawauzia, sasa tunawauzia bomba lake. Mwingine akasema mwakani tutawauzia waipa, moja moja. Hayo tumeyazoea, wala hayakuninyima usingizi.

Ndipo akatokea mtetezi. Anajiita Breki ya Mkono, na anaandika kwa herufi kubwa tupu, mwanzo hadi mwisho. Aliyelalamikia bei aliambiwa arudi bafuni akacheze na bata wake wa plastiki. Aliyesema boila haina maana aliulizwa kama amewahi kukaa kwenye behewa la baridi mwezi wa Januari, au yeye alizaliwa na blanketi. Na kila akimaliza kumchamba mtu, anaongeza kwamba binti aliyekitengeneza kichwa hiki ana sikio ambalo madereva wengi hawakuwa nalo, na kwamba yeye akifumba macho anajiona yuko kazini tena, anapanda mlima na mabehewa nyuma. Sanjeev alikuwa akitusomea kwa sauti, tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Kicheko kiliisha Alhamisi. Hapa kwetu, muuzaji akijisifu kwa jina la bandia amekwisha. Wachezaji humsusa yeye na kila alichowahi kutengeneza. Sasa huyo Breki ya Mkono alikuwa akibishana na mtu aliyedai kwamba sauti ya mvuke wa boila tumeiiba mahali. Akamjibu kwamba binti aliirekodi mwenyewe, amelala kwenye tope chini ya kichwa kule makumbusho, na koti lake jipya la Krismasi likaharibika. Nigel aliponiita ofisini alifunga mlango. Akaniuliza habari za koti langu nani mwingine anazijua. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema nikikiri, jina langu litaondolewa kwenye matangazo, nirudi kuchora miti na majukwaa ya stesheni. Nikikana, halafu ikagundulika ni mimi, nitafute kazi kwingine. Nikamwambia sikuandika hata neno moja. Basi, akasema, mlete aliyeandika, kabla ya maonyesho ya Jumamosi ijayo.

Nilitoka pale nikijiuliza ni nani. Nikamshuku Sanjeev, maana yeye kwa utani hajambo, lakini akaapa kwa jina la bibi yake, na bibi yake hamchezei. Jioni, nikiwa kwenye basi, ndipo nilipokumbuka kwamba lile koti sikulipeleka kazini hata siku moja. Nililivulia jikoni kwako. Ukaliloweka kwenye beseni, ukalisugua kimya kimya, kisha ukailaumu sabuni.

Ni wewe, Baba. Niliyasoma upya maneno yote, safari hii kwa sauti yako, nikalia mbele za watu mpaka mama mmoja akanipa leso. Sikulilia kazi. Miaka yote nakuletea nilivyotengeneza, unavitazama, unasema vinafaa, unaniuliza kama nimekula. Nikadhani unaona nimepoteza ujana wangu kwa vitu vya kuchezea. Kumbe kila aina tunayotoa unainunua, unaiendesha, halafu unapigana na dunia nzima kwa ajili yangu, na nusura unifukuzishe kazi.

Nigel sijamwambia. Sikutaka akutaje kwa watu kabla sijaongea nawe. Njoo Jumamosi na treni ya asubuhi, nitakupokea stesheni, twende kwenye maonyesho pamoja. Ukimwambia ni wewe, yameisha. Kwanza amekuwa akinung'unika kwamba huyo mkorofi anazijua breki kuliko sisi sote. Nadhani atakung'ang'ania umkagulie kichwa kinachofuata.

Lakini kabla hatujamfikia Nigel, tukiwa bado njiani, nataka uniambie mimi, uso kwa uso, yale uliyowaambia watu usiowajua. Ukiona haya, sema nusu tu. Nusu nyingine nimeshaisoma.

Msalimie sana Shangazi Maureen, na umwambie najua ni nani aliyekufundisha kufungua akaunti. Ubaki salama.

Ni mimi binti yako,
Bridget