Ukurasa Uliokosekana Angani

Lubumbashi, Kampemba, 19 Februari 1992

Kwako yaya Marceline, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu sana, wewe pamoja na shemeji na watoto wote huko Kasenga. Je, mguu wako umepona? Sisi tuko wazima, ingawa uzima wenyewe ni wa kubahatisha tangu ule uporaji wa Oktoba. Usishangae kuona nakuandikia kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Madukani hakuna karatasi, posta hakuna stempu, na mimi nimechoka na kila kitu.

Yaya, Alhamisi iliyopita nusura tusionane tena. Tulitoka Goma, ndege yetu ikiwa imejaa abiria. Tulipokaribia Lubumbashi, rubani wetu, Komanda Edouard, alivuta mkono wa volets, yale mabawa madogo yanayoteremka nyuma ya bawa kubwa ili ndege iweze kwenda polepole bila kuanguka. Hayakuteremka. Mshale wa kipimo ulibaki palepale kwenye sifuri.

Komanda hakuulazimisha ule mkono, maana upande mmoja ukiteremka na mwingine ukagoma, ndege inapinduka. Alirudi juu, akamwachia kopilote Clovis, msaidizi wake, usukani, akaniambia mimi, fundi wa humo ndani, nifungue kitabu cha hitilafu na kusoma kwa sauti. Fyuzi, presha ya mitambo, mota ya akiba, tulijaribu kimoja kimoja. Wapi! Tukazunguka dakika arobaini ili tuchome mafuta na kupunguza uzito.

Huko nyuma abiria wakawa kero tupu. Émerance, mhudumu wetu, aliwaomba wasukume mizigo chini ya viti na kuinama, lakini kila mmoja aligeuka rubani. Bwana Muhindo, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, alikataa kuliachia bidoni lake, dumu la mawese lililokuwa mapajani, akafoka, "Tunazunguka nini? Bashushe ndege, niko na rendez-vous, batu bananingoja!" Mnara wa uwanja nao ukatuambia kwamba gari la zimamoto lipo, ila halina mazutu, yaani dizeli, na wanatafuta watu wa kulisukuma. Nilitaka kulia kwa hasira.

Bila volets, lazima ndege itue kwa kasi kubwa zaidi. Kasi ya kuongeza, kulingana na uzito, imeandikwa kwenye jedwali la mwisho la kitabu. Nikafunua. Ukurasa haukuwepo. Komanda alinitazama mara moja tu, akafumba macho, akaitafuta ile namba kichwani mwake. Tuligusa ardhi kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, magurudumu yakatoa moshi, tukasimama zikiwa zimebaki hatua chache tu njia iishe. Watu walipiga makofi. Muhindo alilalamika kwamba mawese yake yamemwagika.

Sasa Jumatatu wakubwa wa kampuni wanakaa kumhukumu Komanda. Wanasema ni kosa lake kuruka na kitabu pungufu, na wanataka kumfukuza, yeye mwenye watoto sita, yeye aliyetuokoa sote. Walipomuuliza nani aliuchana ukurasa, alijibu kwamba hajui. Mimi nilikuwa nimeketi kando yake, nikanyamaza.

Yaya, ni mimi. Nilihitaji karatasi nyeupe ya kukuandikia barua ya Mwaka Mpya, na nyuma ya ukurasa ule palikuwa peupe. Nilijiambia kwamba kwa miaka kumi na mmoja hatujawahi kuutumia. Itoe barua ile uigeuze, utaziona namba. Kama bado hujaifungia samaki, mpe Kalaba, dereva anayekuletea hii, kwani anarudi huku Jumamosi. Nitaiweka mezani kwa mkono wangu mwenyewe. Upande mmoja watasoma kasi za kutua, na upande wa pili watasoma nilivyojisifu kwako kwamba kwenye ndege yetu, Mungu asifiwe, hakuna anayeiba hata msumari.

Nisalimie watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Na mwambie shemeji aniwekee nafasi ya kazi kwenye boti yake ya samaki. Kuanzia Jumanne nitaihitaji.

Mdogo wako anayeona haya,
Désiré