Begi la Tatu

Jumamosi, 2 Agosti. Gitega

Ubalozini hawakunikataa. Basi, nimeandika. Hakuna anayejua – si mama, si baba, si Sheliza. Hata Mungu nimemwambia kwa kuzungukazunguka.

Sikuingia. Hiyo ndiyo kweli yote. Siku yangu ilikuwa Jumanne. Sheliza na Letisia, wenzangu wa bweni, walishapita jana yake. Nilishika faili langu, nikasimama ng'ambo ya barabara chini ya kibao cha famasi, nikaliangalia geti mpaka mlinzi akalifunga. Nikarudi kwa Aleem – kaka yake Sheliza, ndiye tuliyelala kwake Bujumbura – nikasema imeenda vizuri, tusubiri. Pasipoti ikalala chini ya nguo kwenye sanduku langu la bweni. Zao zilipotoka na visa, nikasema yangu wamekataa.

Sheliza alilia. Alilia vraiment, kweli kweli! Na mi nikamshika bega, nikamwambia usilie.

Sababu nitaiandika siku nyingine. Leo sina nguvu.

Walifika Lisbon juzi. Picha tatu: kilima, nguo zimeanikwa madirishani, wao wanacheka. Mi niko Magarama kwa mamdogo Melania, nachambua maharage. Nimetupa mazuri nikabakiza mawe. Mamdogo kanitazama tu.

Jumapili, 3 Agosti. Gitega

Ile safari ni yangu. Bwenini Sheliza alileta hamu, Letisia akaleta kelele, njia nilizileta mi. Zote! Babu yake Sheliza, mzee Bahadurali mwenye duka la vitambaa Muyinga, aliahidi tiketi za ndege kwa wote watatu, kwa sababu mi ndiye niliyemvusha Sheliza kwenye hesabu. Ami yake Feroz angetupokea Lisbon. Kutoka hapo tujitegemee: mabasi ya bei ya chini, mabegi mgongoni, mkate na sardini.

Kila wikiendi, kabla sijawa na simu yangu, nilikuwa naazima ya mamdogo. Najua hosteli gani ya Madrid inakuruhusu kupika. Najua bomba gani la Barcelona lina maji ya kunywa ya bure. Najua Lisbon usipande ile tramu ya watalii, panda kilima kwa miguu. Najua Barcelona kuliko Bukirasazi, na Bukirasazi ndiko alikozaliwa bibi yangu.

Sasa wanatembea kwenye ramani yangu kwa miguu yao.

Mama alitushonea mabegi matatu, kitenge kimoja, kijani chenye ndege wa njano. Nilipo"kataliwa" Sheliza akaliomba la tatu. We hutembei, alisema, basi begi litembee. Ningesema nini? Nikampa.

Leo, picha ya Madrid, wametoka na basi la usiku: begi langu liko mgongoni mwa msichana mwingine! Anaitwa Hidaya, mtoto wa jirani wa ami Feroz, kazaliwa hukohuko. Ana nywele nzuri. Meno mazuri. Na kitanda changu atakilalia pia, maana niliandika vitanda vitatu na wao wako watatu.

Ninamchukia mtu ambaye hajanikosea kitu. Aibu. Lakini ninamchukia.

Jumanne, 5 Agosti. Muyinga

Nimerudi nyumbani. Mafuta hakuna, tumekaa pale parking tangu asubuhi, dereva anaahidi tu, "Iko inakuja, iko inakuja." Nimefika nimechoka kama niliyelisukuma gari.

Nimejaribu kupita upande wa pili wa barabara. Bure. Mama Shamina, mamake Sheliza, ameniona kutoka ndani ya duka, katikati ya majora ya vitambaa.

"Jeska! Njoo umuone mwenzako!"

Akaniwekea simu usoni. Sheliza anakula aiskrimu. Mama Shamina akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Pole mwanangu, na yako Mungu ataileta. Akanipa pakiti ya biskuti. Muyinga nzima inanipa pole, kama nimefiwa na Ulaya.

Baba naye ananiuliza kila jioni, "Wamefika wapi leo?" kama anauliza matokeo ya mpira. Baba yangu Elikana amekulia kambi ya wakimbizi, Tanzania. Kwake safari ni kitu unachofanyiwa. Unapakiwa, unashushwa. Kwamba mtu anaweza kuamka akachagua mji – hilo linamchekesha mpaka anapiga paja.

Yeye ndiye aliyenilazimisha kumsindikiza Sheliza siku anaondoka. Nilitaka kuagania dukani tu. Akasema hapana. "Mtu husindikizwa mpaka mgongo wake upotee. Ukigeuka kabla ya hapo, umemfukuza."

Nikasimama mpaka basi likakata kona. Nilihesabiwa mtu mwema.

Ijumaa, 8 Agosti. Muyinga

Wamenipigia! Barcelona. Nilikuwa jikoni nasonga bugali, mwiko mkono mmoja, simu mkono mwingine.

"We Jeska!" – Letisia, anapiga kelele kama kawaida. "Tumepotea quand même! Iko bahari hapa mbele yetu, mais hosteli hatuioni!"

"Ipeni bahari mgongo," nikasema. "Pandeni moja kwa moja. Mkiona soko lenye paa la rangi rangi, mmepita. Rudini kidogo, kushoto."

Wakatembea. Nilisikia nyayo zao, pikipiki, mtu anauza kitu. Mara Letisia akapiga vigelegele barabarani. Wamefika! Na mi nilikuwa na furaha, kweli, furaha safi, bugali unaungua na mi nacheka peke yangu.

Halafu nikasikia sauti ya Hidaya, mbali kidogo: "Nani huyo, dereva wenu wa Afrika?"

Wakacheka. Na Sheliza akacheka.

Kicheko hicho nakijua. Basi nitaandika sababu.

Ilikuwa Jumatatu jioni kwa Aleem, kesho yake zamu yangu. Natoka kuoga, miguu mitupu, hawakunisikia. Letisia alikuwa jikoni na Sheliza. Akasema: "Jeska huko tutamburuta kama valise isiyo na magurudumu. Mtu hata maji hajui kuomba! Atasimama mlangoni tu, nakuambia." Sheliza hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alicheka.

Nikarudi bafuni nikafungulia maji, wadhani bado naoga.

Na kesho yake nikafanya nini? Nikasimama mlangoni tu.

Jumapili, 10 Agosti. Muyinga

Picha: mabegi matatu kwenye majani, mkate, sardini. Nimeikuza picha mpaka ikawa vumbi. Begi langu limefumuka kwenye mfuko wa pembeni. Mama asione.

Nimewaombea mvua. Baada ya kanisa! Nimetoka kuimba, nikaenda kuangalia hali ya hewa ya Lyon, Ufaransa, walipo sasa. Jua tupu.

Jumatatu, 11 Agosti. Muyinga

Jioni hii walikuwa wapande basi la kwenda Paris. Lyon ina vituo viwili, na mtu mgeni huenda kwenye kile kikubwa, Part-Dieu. Basi letu linaondokea kile kingine, Perrache. Niliwaandikia, nikapiga mstari.

Simu ikalia. Sheliza. Nilijua palepale: wamekosea kituo. Neno moja tu, "Perrache", na bado wana muda.

Niliiangalia inavyowaka. Jina lake na ile picha yake ya shule, kola imepinda. Nikaigeuza kifudifudi juu ya godoro. Ikanyamaza. Ikalia tena. Tena.

Baba yuko uani anatengeneza baiskeli, akaniita mimi kama kawaida yake: "Mama, simu yako inalia!"

"Ni matangazo tu, baba."

Iliponyamaza kabisa nilisikia utamu. Nauandika kama ulivyokuwa. Utamu.

Waombe maji wenyewe.

Jumatano, 13 Agosti. Muyinga

Hakuna picha. Hakuna kitu. Nimewapigia jana, nimewapigia leo. Simu zao zote mbili zimezimwa.

Mama Shamina amekuja hadi kwetu kwa miguu, yeye ambaye hatoki dukani. Shela imekaa upande. "Wamekuambia kitu, mwanangu? Mi sijalala." Babake Letisia naye amepiga kutoka Kobero, ameacha malori yake yanasubiri forodhani, anauliza ami Feroz anasemaje. Ami Feroz hajui. Hata Hidaya hapatikani.

Nikasema labda ni rezo, mtandao haushiki.

Mama Shamina alipoondoka, baba akanigeukia. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu: "Si wewe ndiye unayewaongoza, mama? Uliwaacha wapi?"

Nikasema Lyon.

Sijala.

Alhamisi, 14 Agosti. Muyinga

Wazima! Wazima, wazima. Asante Mungu. Sitaomba mvua tena.

Ujumbe wa sauti umeingia asubuhi. Basi liliwaacha. Walilala chini kituoni, simu zikaisha chaji, mlinzi mmoja aliwafukuza, mwingine akawaletea kahawa. Wakazunguka siku nzima kutafuta basi jingine la bei ndogo. Na chaja imebaki Barcelona! Wamenunua nyingine leo. Wako Paris, wananuka, anasema Letisia, kama ndagala, dagaa wale wa Rumonge.

Kisha Sheliza akashika simu. Naandika alivyosema, nimesikiliza mpaka nimekariri:

"Tulikupigia sana! Kituo tulijua tumekosea, mais si hiyo tu. Tulikuwa na surprise. Ami Feroz ameongea na watu, wanasema ukikataliwa unaweza kuomba tena. Aleem atakusindikiza mwenyewe mpaka mlangoni. Anataka tu ile karatasi ya kukataliwa. Kesho atakuja Muyinga kwa sikukuu, ataipitia kwenu. Jeska, toka hapa tunaenda Brussels, tutakaa mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Kitanda iko!"

Na Letisia nyuma yake: "Hidaya anarudi kwao Lisbon! Amechoka na sisi! Njoo we mwenyewe ubebe begi yako. Bila we tuko tunajiburuta tu, kama valise isiyo na magurudumu!"

Lilelile neno. Kwa mdomo uleule. Ila safari hii valise ni yeye.

Na Sheliza akacheka. Kicheko kilekile cha jikoni kwa Aleem! Nimekirudia. Nimekirudia tena. Labda hucheka hivyo kwa kila kitu. Labda siku ile alicheka kwa sababu hakujua aseme nini. Mi ndiye niliyefungulia maji. Sikusikia kilichofuata.

Karatasi. Karatasi gani?

Nikisema imepotea, Aleem ataenda kuomba nakala. Watafungua mashine yao, watatafuta jina langu. Watamwambia: huyu hatujawahi kumwona.

Ijumaa, 15 Agosti. Muyinga

Kengele za wakatoliki tangu alfajiri, sikukuu ya Bikira Maria. Duka la Bahadurali limefungwa. Nimetoa pasipoti chini ya nguo. Safi, haina muhuri hata mmoja. Picha yangu ina macho ya mtu anayeomba radhi.

Nikisema – Sheliza atajua alinililia bure. Mama atajua alishona na mi nikatupa. Na baba! Siku ile nilipowaambia, baba alisema, "Hata mimi nimefungiwa milango mingi, mwanangu. Haikuui." Alinipa mlango wake, na wangu haukuwa umefungwa.

Nisiposema, Aleem ataujua ukweli mwenyewe ubalozini, mbele ya watu.

Na kuna jambo baya zaidi. Nikisema leo, pengine muda bado upo. Geti bado liko palepale. Naweza kuomba kweli. Inabidi niingie, niseme jina langu kwa sauti, nitazamwe, na labda wanikatae kweli.

Kumbe ndilo ninaloliogopa. Si uongo. Ni kuingia.

Gari limesimama nje. Mbwa wa jirani anabweka.

"Hodi hapa! Mzee Elikana!" Aleem.

"Karibu, karibu mwanangu. Habari za Bujumbura? Na mafuta umeyapata wapi, we mtu?"

"Usiniulize, mzee!" Wanacheka. Mama anatafuta kiti kizuri, nasikia anakipangusa. Aleem anasema hakai, anataka tu ile karatasi ya Jeska, arudi nayo Jumapili.

"Anayo," mama anasema. "Huyu hatupi karatasi hata ya biskuti."

"Yumo ndani anaandika," baba anasema. "Twende."

Wanakuja. Ndara za baba, ule mguu wa kushoto unaoburuza. Viatu vya Aleem nyuma yake. Pasipoti iko juu ya godoro, haijafunikwa. Daftari hili siku zote naliingiza chini ya mto kabla baba hajafika kwenye pazia; mkono wangu umeshaondoka wenyewe kwenda kulifunga.

Nimeurudisha. Acha lisomeke.

Baba amesimama. "Mama, tuingie?"

Nimesema, kwa sauti, ingieni, na sasa pazia lina–