Kura Moja ya Chumba 41

Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Ivonete amechapisha kadi elfu mbili zenye uso wake na namba yake. Mke wangu, mgombea udiwani! Kanipa kumi. "Mashine ya kura inataka namba, Adalto, haitaki mapenzi." Nikamwambia karatasi ni za wazee – mimi nimeihifadhi kwenye simu. Akaninyooshea kidole. Katika familia nzima ni mimi pekee ninayepigia kura chumba 41, na jioni matokeo ya kila mashine hubandikwa mlangoni. "Nikikuta sifuri 41, utatafuta pa kulala!"

Jumamosi, 5 Oktoba

Gari la matangazo limepita mara tisa likiimba namba yake. Hata kasuku wa jirani ameishika. Kadi zangu nimezigawa zote.

Jumapili, 6 Oktoba, mchana

Balaa! Msimamizi wa chumba: "Simu uiache hapa mezani, bwana." Nikasema namba imo humo. "Wenzako wameandika kwenye karatasi," akajibu.

Nikasimama mbele ya mashine. Wimbo wote ninao kichwani, namba hamna! Nikainama kwa uchungu – kumbe kadi imenata chini ya kiatu, maana barabara nzima imetapakaa kadi. Uso umechanika, namba ipo. Rangi ni ileile! Nikabonyeza. Kwenye skrini akatokea Gilvan muuza nyama, hasimu wa mke wangu, na masharubu yake. Nikarukia kitufe cha kufuta – kidole kikatua kwenye kile cha kijani, cha kuthibitisha. Imekwenda. Hata meya, aliyefuata kwenye mashine hiyohiyo, sijui nilimchagua nani. Naona aibu hadi masikioni.

Jumapili, jioni, kwenye benchi la shule tulikopigia kura

Kashindwa. Kura 38 mji mzima, masikini. Akanikokota hadi mlango wa 41. Nilishajiandaa kuzirai.

Kidole chake kikashuka karatasini. Gilvan, 61. Ivonete... moja!

Akanirukia shingoni akilia. "Mji mzima umenitupa, lakini wewe, mume wangu!" Nikampapasa mgongo.

Amekwenda kuninunulia keki ya mahindi, eti zawadi. Nimeisoma tena ile karatasi. Moja. Ya nani? Asubuhi kwenye foleni ya 41 nilisimama nyuma ya daktari wa meno, Leandro. Mgane. Alinukia manukato – saa mbili asubuhi!

Yule pale, karibu na keki. Anamshika Ivonete mkono, anampa pole. Inachukua muda mrefu sana, hiyo pole. Na siwezi kumuuliza, maana nitakuwa nimekiri kwamba ile moja si yangu.